Kura hupotelea kwenye foleni ya kitambulisho

Mhariri,

Tangu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) irejelee usajili endelevu wa wapigakura Septemba 29, 2025, wito umekuwa mmoja redioni, misikitini, makanisani na kwenye vituo vya bodaboda: vijana wajitokeze. Tume inalenga wapigakura wapya milioni 6.3 kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027. Hatuna ugomvi na wito huo. Linalotuuma ni kwamba unamlaumu kijana ambaye amekwisha kujitokeza, akapanga foleni, akaulizwa kitambulisho, akakikosa na kurudi nyumbani. Huyo hakukosa hamasa. Alikosa kadi, na kadi hiyo haitolewi na IEBC.

Ukiifungua Katiba, Kifungu cha 83 kinataja sifa tatu tu za mpigakura: awe raia mtu mzima, awe na akili timamu, na asiwe amehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Kitambulisho hakimo. Kifungu hicho hicho, ibara ya tatu, kinasema mipango ya kusajili wapigakura na kuendesha uchaguzi sharti imrahisishie raia anayestahili, wala isimnyime haki yake. Kifungu cha 12 nacho kinasema kila raia anastahiki pasipoti na hati yoyote ya utambulisho ambayo serikali huwapa raia. Kwa Katiba, basi, kadi ni haki ya raia kama ilivyo kura.

Sharti la kadi linatoka katika Sheria ya Uchaguzi ya 2011. Sehemu ya 5 inasema raia aliyetimiza miaka 18 atasajiliwa akiomba, na umri huo uthibitishwe kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya. Sheria ilikuwa inatafuta ushahidi wa umri. Katika utendaji, ushahidi umegeuka kuwa haki yenyewe: asiye na kadi ni kana kwamba si raia, hata kama chifu, imamu, mwalimu na kijiji kizima wanajua alizaliwa mwaka gani na chini ya mwembe upi.

Matokeo yake ni kwamba kura ya Mkenya inapita mikononi mwa afisi mbili, na moja tu kati yake ndiyo huru. Kitambulisho hutolewa na idara ya usajili wa watu iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Kura husajiliwa na IEBC, tume ambayo Katiba imeilinda isiamrishwe na mtu. Uhuru huo wa tume unaanza mtu akishafika mezani na kadi mkononi. Kabla ya hapo, wenye kauli ni naibu chifu, chifu na msajili wa serikali. Twasema hivi bila kumshuku chifu yeyote nia mbaya. Mpango wenyewe ndio ulivyosukwa.

Tuifuate kadi hatua kwa hatua, maana wengi wanaohubiri kuhusu usajili walichukua vitambulisho vyao zamani na hawajui njia ilivyo sasa. Mwombaji wa mara ya kwanza hubeba cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule kama anacho, na vitambulisho vya wazazi, vyenyewe pamoja na nakala. Naibu chifu au chifu huthibitisha kwamba anamjua na kwamba ni mtu wa eneo lake. Msajili hujaza fomu, humpiga picha na kuchukua alama za vidole. Mwombaji hupewa kadi ya kusubiri. Maombi huenda Nairobi, alama za vidole hulinganishwa na zilizomo kwenye hifadhidata, kadi huchapishwa, kisha hurudishwa kwenye afisi alikoombea. Kwa maneno ni hatua sita. Kwa miguu na nauli ni zaidi, na kila hatua ina mahali pake pa kukwamia.

Mkwamo wa kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi sita. Mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga wa kijiji, na wazazi wasiende kumwandikisha, atahitaji usajili wa kuchelewa, ambao una fomu na ushahidi wake. Mara nyingi jambo hili hugunduliwa akiwa na miaka 17 au 18, wakati karatasi ya kliniki imekwisha kuliwa na mchwa na mkunga ameaga dunia.

Mkwamo wa pili ni jina, na hapa Pwani una uzito wa pekee. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cheti cha shule kinasema Mwanamisi. Baba kwenye cheti cha mtoto ni Mwinyi Juma, kwenye kitambulisho chake mwenyewe ni Juma Mwinyi. Mtoto wa Kimijikenda amepewa jina la babu nyumbani, mwalimu akamwandika kwa jina la baba. Kwa mwenyeji hayo yote ni mtu mmoja na hakuna anayebabaika. Kwa karani ni watu wawili, na dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya wakili, yenye gharama na siku nyingine ya kazi iliyopotea. Ushauri wetu kwa wazazi ni wazi: linganisheni herufi za majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na vitambulisho vyenu mtoto akiwa bado darasani, kwa sababu kosa la herufi moja hurekebishika kwa urahisi zaidi kabla halijanakiliwa kwenye hati tatu.

Mkwamo wa tatu unatukera kuliko yote kwa sababu hauna msingi katika sheria. Kijana aliyelelewa na mama pekee huambiwa alete kitambulisho cha baba. Baba hajulikani alipo, au anajulikana na amekataa kukitoa. Kijana anarudishwa. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia. Mmoja anatosha. Afisa anayesisitiza hati ya baba ilhali ya mama ipo mezani anaongeza sharti ambalo Katiba haina, na kwa kufanya hivyo anamwadhibu mtoto kwa kosa la mzazi aliyemkimbia.

Halafu kuna kupigwa msasa, yaani kuhojiwa zaidi ili mtu athibitishe uraia wake. Kwa miongo mingi, mwombaji wa Nairobi aliulizwa cheti, na mwombaji wa Garissa, Wajir, Mandera, Lunga Lunga au Kibra mwenye jina la Kinubi aliulizwa babu. Kamati ya machifu, wazee na maafisa wa usalama ilikaa kwa siku zake maalumu, na aliyekosa siku hiyo alisubiri nyingine. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipitishwa katika ukaguzi wao peke yao, wakapewa kadi za ziada kuthibitisha uraia waliokuwa nao tayari. Machi 2011 kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa jinsi ilivyowaacha bila uhakika wa uraia. Miaka kumi na minne ikapita kabla ya Rais kutia saini tangazo la kufuta msasa huo wa ziada, mjini Wajir, Februari 2025.

Tunalipokea tangazo hilo kwa furaha ya kweli. Lakini tangazo si sheria. Lililowekwa kwa kalamu ya afisi moja huondolewa kwa kalamu ya afisi hiyo hiyo, na naibu chifu ambaye kwa miaka ishirini amezoea kuuliza babu wa mtu alizikwa wapi hataacha kwa sababu ya hotuba. Katazo liandikwe ndani ya Sheria ya Usajili wa Watu: masharti yawe yale yale kwa kila Mkenya, popote anapoishi na kwa jina lolote alilopewa.

Kwa wanaodhani haya ni ya wachache, tunawaonyesha hapa Kwale. Wamakonde waliletwa kukata mkonge zama za ukoloni, wakazaa na kuzikana hapa. Hadi walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016, wengi wao hawakuwa na kitambulisho, na kwa hivyo chaguzi zote tangu uhuru ziliwapita wakitazama foleni. Walitambuliwa rasmi mapema 2017 na kupata kura Agosti ya mwaka huo. Wapemba, wavuvi wa mwambao wetu, wametambuliwa 2023, mwaka mmoja baada ya uchaguzi uliopita. Kwa wengi wao, pamoja na wazee wenye mvi, uchaguzi mkuu wa 2027 ndio wa kwanza maishani. Watu hawa hawakuwahi kupigwa marufuku kupiga kura. Hakuna sheria iliyowataja. Walizuiwa na kipande cha plastiki tu.

Na neno lenyewe kipande, kwa maana ya kitambulisho, halikuingia katika Kiswahili chetu kwa bahati. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 kubeba hati yenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni, ili mwajiri na polisi wajue anatoka wapi na ana ruhusa ya nani. Hati ile haikukusudiwa kumpa mtu haki yoyote. Kazi yake ilikuwa kumchunga. Desturi ya kumfanya mwombaji ajitetee kwamba si mgeni, badala ya serikali kuthibitisha kwamba ni mgeni, ina mizizi mirefu hivyo.

Kaskazini mwa nchi kuna kisa cha namna yake. Wakati wa ukame, familia za Wakenya karibu na kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa, ziliandikisha watoto kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Mtoto alipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho, vidole vyake vikaonekana tayari kwenye hifadhidata ya wakimbizi, maombi yakakataliwa. Maelfu walinaswa hivyo. Mashine haikukosea: ilisema vidole hivi vimo kule, na vilikuwemo. Kilichokosekana ni njia ya haraka ya binadamu kusikiliza, kupima ushahidi na kuamua. Mwenye kubuni mfumo wowote wa vidole bila meza ya rufaa kando yake akumbuke Garissa.

Baada ya vidole kuchukuliwa huja kungoja. Kadi ya kusubiri ni karatasi ndogo yenye nambari ya maombi, mhuri na tarehe. Vijana huikunja na kuiweka nyuma ya simu, ndani ya kava, ambako jasho na joto huifuta wino. Wino ukifutika nambari hupotea, na kutafuta maombi bila nambari ni kazi. Iandikeni nambari hiyo kwenye daftari nyumbani siku ile ile, mpige na picha. Kwa IEBC, hata hivyo, karatasi hiyo haina thamani. Karani hasajili mtu kwa kadi ya kusubiri, wala kwa nakala, wala kwa taarifa ya polisi ya kupotelewa. Kwa hivyo mtu ambaye serikali imekwisha kumpokea, kumpiga picha na kuchukua vidole vyake vyote anahesabiwa kuwa hajulikani hadi kiwanda cha Nairobi kimalize kazi yake.

Kadi zinazofika nazo si zote zinazochukuliwa. Nyingi hulala kwenye droo za maafisi kwa sababu mwenyewe alibadilisha laini ya simu, au alihamia Mombasa kutafuta kibarua, au nauli ya kwenda na kurudi ni mlo wa siku mbili. Hapa tiba si ngumu. Msajili achukue kadi zilizofika na kuzipeleka kwenye baraza la chifu siku ya soko, na karani wa IEBC aende naye kwenye gari moja. Kijana apokee kitambulisho meza ya kushoto na asajiliwe kupiga kura meza ya kulia. Usajili wa kura wenyewe ni wa dakika chache na hauna ada.

Kalenda ndiyo inayowakata wengi bila wao kujua. Mwaka 2022 uchaguzi ulikuwa Agosti 9, lakini uhakiki wa sajili ulifanywa kuanzia Mei 4 hadi Juni 2, na usajili ulikuwa umesimamishwa. Aliyepata kitambulisho Juni alipata kitambulisho tu. Kura ilikuwa imekwenda. Na kwa kuwa Kenya haipokei maombi ya kadi kabla ya miaka 18 kutimia, aliyezaliwa Juni au Julai 2009 atakuwa mtu mzima siku ya uchaguzi wa 2027, Katiba inamtambua, na bado hataweza kupiga kura. Majirani zetu ng'ambo ya mpaka wa Horohoro wamelitatua hili zamani: Tanzania Bara humwandikisha mwenye miaka 17 ambaye atatimiza 18 ifikapo siku ya kura, na tume yao humpa kadi ya mpigakura papo hapo bila kumdai kwanza kitambulisho cha taifa. Huko nako kuna malalamiko mengi kuhusu chaguzi, lakini kwa jambo hili moja wametutangulia. Zanzibar ni kinyume: sheria yao ya uchaguzi ya 2018 inadai kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na malalamiko ya huko kuhusu sheha, kiongozi wa mtaa, na barua yake yanafanana na yetu kuhusu chifu kama maji na maji.

Sasa tuje kituoni, maana kuwa kwenye sajili hakumalizi safari. Kanuni za Uchaguzi za 2012, kanuni ya 69, zinamtaka mpigakura alete hati ile ile aliyoitumia kujisajili. Wengi hawalijui hili. Aliyejisajili kwa pasipoti akaja na kitambulisho, au kinyume chake, anaweza kurudishwa ingawa hati zote mbili ni halali na zote ni zake. Kila mtu ajikumbushe leo alijisajili kwa nini. Waliopata kadi mpya ya Maisha, kitambulisho cha kisasa cha taifa, baada ya ile ya zamani kupotea wasitishwe na uvumi kwamba wajisajili upya, kwa sababu nambari ya kitambulisho hubaki ile ile na ndiyo iliyo kwenye sajili. Kujisajili mara mbili ni kosa.

Kilio kingine ni cha wenzetu walioko Ghuba. Mwaka 2022 Wakenya walipiga kura ya urais katika nchi 12 za nje, zikiwemo Qatar na Falme za Kiarabu, na hati iliyotakiwa huko kwa kawaida ni pasipoti. Mfanyakazi wa nyumbani ambaye mwajiri wake ameifungia pasipoti kabatini hawezi kufika ubalozini nayo. Balozi zetu zinazijua simu za namna hii.

Kituoni, karani huchukua kitambulisho, huingiza nambari au huiskani kwenye kifaa cha KIEMS, mashine ya IEBC ya kutambua wapigakura, kisha mpigakura huweka kidole. Kifaa kikimtambua, picha na jina hutokea kwenye kioo, jina husomwa kwa sauti ili mawakala wasikie, na anapewa karatasi za kura. Tatizo ni vidole vyenyewe. Mkata mkonge, mvunja mawe ya matumbawe kwenye machimbo, mwashi aliyeshika saruji miaka thelathini, bibi aliyepara nazi na kufua kwa mkono tangu utotoni: michirizi ya ncha za vidole vyao imelika. Bi harusi mwenye hina nzito na piko hadi kwenye kucha naye huweza kukataliwa na kioo. Kidole kikavu sana au chenye mafuta husumbua vivyo hivyo. Karani mwenye haraka hujaribu kidole kimoja mara tatu, kisha husema, "Mama, mashine imekukataa," na mama huondoka.

Hapaswi kuondoka. Wakati wa kusajiliwa vidole vyake vyote vilichukuliwa, na kanuni inazungumzia vidole, si kidole. Afute mkono kwa kitambaa kikavu na vijaribiwe vyote kumi. Vikishindikana, kanuni ya 69 imeeleza la kufanya: msimamizi wa kituo awaite mawakala na wagombea waliopo washuhudie kwamba kifaa kimeshindwa, ajaze Fomu 32A mbele yao, amtafute mpigakura katika sajili iliyochapishwa, na akimpata ampe karatasi za kura. Mpigakura aitaje fomu hiyo kwa nambari yake. Tunajua kutokana na mafunzo ya makarani kwamba neno "Fomu 32A" likitamkwa kwa upole na uhakika, mambo hubadilika haraka.

Pia asikate tamaa jina likikosekana kwenye mlango wa kwanza. Kituo kimoja cha kura hakizidi wapigakura 700, kwa hivyo shule moja huwa na vyumba kadhaa, na watu hugawanywa kwa mpangilio wa alfabeti. Anayejiita Muhamadi huku sajili ikimwita Mohamed anaweza kuwa mlango wa pili. Aulize kabla ya kurudi.

Mwaka 2022 nchi iliingia siku ya kura ikiwa na mgogoro juu ya sajili hiyo ya karatasi. Agosti 4 Mahakama Kuu iliagiza itumike, na Mahakama ya Rufaa ikasimamisha agizo hilo mkesha wa uchaguzi. Asubuhi yake vifaa vikagoma katika sehemu za Kakamega na Makueni, na tume yenyewe ikalazimika kuruhusu karatasi huko. Mpigakura aliyeamka saa kumi alfajiri alisimama juani akingoja idhini kutoka Nairobi. Kwa 2027 swali hili liamuliwe mapema, liandikwe kwa lugha nyepesi, libandikwe kwenye kila mlango: kifaa kikikwama kwa muda gani, nani ana mamlaka ya kufungua daftari, na nani ashuhudie.

Tunajua jibu litakalokuja. Tukilegeza, wageni watapiga kura na wafu watafufuka. Hofu hiyo ina sababu, na hatutaidharau. Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilisema mwaka 2008 kwamba sajili ya wakati ule huenda ilikuwa na majina ya wafu wapatao milioni 1.2. Ukaguzi wa sajili uliofanywa na kampuni ya KPMG mwaka 2022 ulikuta wafu 246,465 bado wamo, na wapigakura 226,143 waliosajiliwa kwa nambari za vitambulisho visivyo vyao. Lakini tuzitazame tarakimu hizo vizuri. Hao wote waliingia wakati sharti la kitambulisho likiwa kazini kikamilifu. Maiti haondolewi kwenye sajili kwa kumsumbua yatima wa Kinango hapa Kwale alete hati ya baba. Anaondolewa kwa daftari la vifo kusomana na sajili ya IEBC kila wiki. Nambari ya mtu mwingine hainaswi na barua ya chifu. Inanaswa na kidole kituoni na kwa kulinganisha nambari na idara ya usajili kabla ya sajili kuidhinishwa. Na anayejaribu kurudi mara ya pili ana wino kwenye kucha.

Kwa hivyo tunalolitaka Bunge lifanye katika Sheria ya Uchaguzi ni kuongeza mlango, kwa raia aliyekwama bila kosa lake. Kadi ya kusubiri ikubaliwe kwa kujisajili, kwa sharti kwamba kitambulisho chenyewe kiletwe siku ya kura. Hakuna hatari hapo: asipokileta hapigi kura. Pili, mwenye miaka 17 na miezi sita aombe kadi akiwa shuleni, ichapishwe, akabidhiwe siku anayotimiza 18. Tatu, tuangalie walivyofanya Ghana mwaka 2020, ambako asiye na kadi ya taifa wala pasipoti aliweza kuthibitishwa na wapigakura wawili waliosajiliwa tayari, huku kila mdhamini akiwekewa kikomo cha watu kumi ili asigeuke dalali. Mdhamini aliyedanganya hujulikana jina na nambari, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu barua ya chifu iliyopotea.

Wakati sheria ikisubiriwa, anayekataliwa kitambulisho aombe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 imeifafanua. Afisa huona wepesi kusema "rudi wiki ijayo" kuliko kuandika kwa jina lake "nimemkataa kwa sababu baba yake hajulikani". Barua hiyo ikipatikana, ipelekwe kwa Tume ya Haki za Kiutawala, inayopokea malalamiko dhidi ya maafisi ya serikali. Isipotolewa, andikeni tarehe, afisi na maneno mliyoambiwa, na malalamiko yapelekwe hivyo hivyo.

Jambo dogo lakini linakula kura nyingi: msiweke kitambulisho rehani. Dukani kwa unga wa mkopo, kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa mwenye nyumba anayedai kodi, kadi hukaa miezi. Msimu wa kampeni ukifika kuna watu wanaozunguka kuzinunua au kuzikusanya kwa kisingizio cha orodha ya msaada, na lengo ni mwenyewe asionekane kituoni.

IEBC hutangaza waliosajiliwa kwa kila eneobunge. Tunaiomba Wizara nayo itangaze kila mwezi, eneobunge kwa eneobunge, walioomba vitambulisho, waliopata, waliokataliwa na kadi zinazongoja kwenye droo. Gazeti lako lizichapishe orodha hizo mbili bega kwa bega, Mhariri, kuanzia na Lunga Lunga.

Wahamasishaji wa wapigakura,
Kaunti ya Kwale